Jinsi ya Kubadilisha Regulata ya Mafuta kwa Miezi Minne

Regulata ya mafuta kwenye Corolla 100 hushikiliwa na bolti mbili, spana namba 10. Mtu asiye na subira huzifungua alfajiri, akafunga nyingine, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, na saa tatu yuko kazini kama kawaida. Mwongozo huu haumhusu. Nimewaandikia wenzangu tunaojua kwamba gari la mwaka 1993 ni kama mgonjwa wa ukoo mkubwa: hapelekwi hospitali hivi hivi. Sharti kwanza apite kwa mjomba, kwa shangazi, kwa mwenye mizizi, na kwa jirani aliyewahi kuumwa kitu kinachofanana.

Corolla 100 ninayoisema ni ile AE100 yenye injini ya 5A-FE, cc 1,498, nozeli nne. Ukiwa na Carina ya miaka ileile, au gari jingine la zamani ambalo regulata yake imekaa juu ya reli ya nozeli, karibu, msiba ni mmoja. Wenye Corolla za kuanzia miaka ya 2000, regulata yao imefichwa ndani ya tangi pamoja na pampu. Wao wana njia zao za kuteseka.

Mwezi wa kwanza: lawama

Hakikisha kwanza kwamba gari lako linaumwa kweli. Asubuhi litawaka bila shida, tena kwa furaha, na hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu. Unafika sheli, unazima, unajaza, unalipa, unapiga stata. Linazunguka, linazunguka, halishiki. Nyuma yako foleni ya bajaji inaanza kupiga honi. Unakanyaga mafuta mpaka chini, linakohoa, linashika, na moshi mweusi unamfunika kijana wa pampu pamoja na mashine yake ya risiti. Kwenye taa za Magomeni, likiwa sailensi, linatetemeka kama lina homa. Nyumbani wanajua umefika kabla hujafungua geti, kwa harufu. Mama watoto anauliza kama siku hizi unauza petroli ya chupa.

Jibu sahihi, mbele ya mashahidi, ni hili: “Mafuta yamechakachuliwa.”

Ni lawama yenye historia. Kulikuwa na siku ambapo mafuta ya taa yalichanganywa kwenye mafuta ya magari bila haya. Ndiyo maana vikaja vinasaba vya mafuta, na ndiyo maana mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mpaka bei yake ikaikaribia dizeli na biashara ya kuchanganya ikapoteza utamu. Wewe usibabaishwe na hayo. Hama sheli. Hama tena. Jaza Mbagala, jaza Mwenge, jaza Kibaha ukienda msibani. Moshi ukibaki mweusi vilevile kote, hitimisha kwamba wote wanachakachua, kisha subiri Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA watangaze bei mpya, upate jambo jingine la kusema.

Kwa hali yoyote usipime gari linakula kiasi gani. Kujaza tangi mpaka juu, kuandika kilomita, kujaza tena baada ya siku nne na kugawanya ni hesabu ya darasa la tano, na jibu lake linaweza kukufikisha kwenye ukweli mapema mno.

Mwezi wa pili: kila kinachofunguka

Sasa nenda gereji. Chagua ile iliyo chini ya mwembe, karibu na mama lishe, ili kusubiri kusikuchoshe. Fundi atafungua boneti, atasikiliza kwa sekunde tatu, na kabla hujamaliza kueleza atakuwa amepata.

“Bosi, hii ni plagi.”

“Una uhakika, fundi?”

“Asilimia mia, kiongozi. Mlio wa plagi naujua hata nikiwa usingizini.”

Plagi zitatolewa nyeusi tii, zina masizi makavu kama sufuria ya kuni. Hapa kuna hatari kubwa, kwa sababu masizi yale ni ushahidi. Plagi haijipaki masizi. Imepakwa na petroli nyingi mno isiyopata hewa ya kutosha kuungua, na mtu aliyetulia angeuliza petroli hiyo ya ziada inatoka wapi. Usiulize. Funga mpya. Gari litakaa sawa siku tatu, maana plagi safi huvumilia mengi, na kwa siku hizo tatu utamsifia fundi kijiweni. Ya nne mtaanza upya.

Baada ya plagi ni pampu. Kiti cha nyuma kitang'olewa, vumbi la miaka thelathini litapanda, sarafu zilizopotea zitapatikana. Pampu mpya ina nguvu kuliko mzee aliyestaafishwa, na ikiwa mlango wa kurudishia mafuta umeganda, nguvu hiyo mpya inakwenda kuongeza presha ndani ya reli. Moshi utazidi. Ukimpigia fundi simu atakutuliza: “Usiwe na wasiwasi kiongozi, ndiyo linazoea.”

Kisha ataitwa fundi umeme. Atakuja kwa bodaboda, mashine iko kwenye begi la mgongoni. Atatafuta tundu la kuchomeka chini ya usukani, atalitafuta tena, atainama mpaka shati litoke kiunoni. Tundu lile la pini 16 lilikuja kuwa la lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1996. Corolla yako ni mkubwa wake kwa kuzaliwa, nayo husema kwa taa: unaunganisha TE1 na E1 ndani ya kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC chini ya boneti, unafungua swichi bila kuwasha, na taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa namba. Ukibahatika itapepesa namba ya sensa ya oksijeni, nayo itanunuliwa siku hiyohiyo. Maskini sensa. Kazi yake ni kunusa moshi na kuripoti kwamba mafuta ni mengi. Imeripoti, ikafukuzwa kazi. Ama regulata, haina waya hata mmoja. Kompyuta haijui kama ipo duniani.

Ukiona mwezi unaelekea kuisha na bado una fedha, kata masega ya bomba la moshi. Petroli isiyoungua ikifika kwenye masega huungulia humo, yanapata moto kupita kiasi na mwisho yanayeyuka na kuziba. Kwa hiyo fundi atakayekuonyesha masega yaliyoharibika hatakuwa anadanganya. Atakuwa anakuonyesha maiti ya pili na kukwambia ndiyo muuaji.

Sitaki kuwasema mafundi peke yao. Katika utaratibu wetu fundi hulipwa kwa kufungua. Hakuna anayemlipa kwa kusimama dakika kumi mbele ya boneti akifikiri. Mteja angemwona mvivu, angechukua funguo na kuondoka. Mteja huyo ni mimi na wewe, tunaouliza “umebadilisha nini?” na tusiouliza “umepima nini?”

Mwezi wa tatu: sehemu ya kurukwa

Sehemu hii usiisome. Inaeleza kitu kinavyofanya kazi, na ujuzi wa namna hiyo unafupisha safari.

Jikoni kwako kuna mtungi wa gesi, na juu yake regulata. Ndugu yake yuko chini ya boneti, ila tabia zao ni tofauti. Ya jikoni inabana kinachokwenda kwenye jiko. Ya gari inakaa mwisho wa njia na kuachia kinachozidi. Pampu ndani ya tangi haina adabu ya kupima. Inasukuma kwa nguvu ileile gari likiwa kwenye foleni au likipanda mlima Sekenke. Nozeli zinachukua kidogo, na petroli iliyobaki inafika mwisho wa reli, inakuta kopo dogo la chuma. Ndani ya kopo mna kiwambo cha mpira, na nyuma ya kiwambo springi. Petroli ikiizidi springi nguvu, kiwambo kinasogea, mlango mdogo unafunguka, na ya ziada inarudi tangini kwa mpira wake. Inazunguka hivyo siku nzima kama mgeni anayerudishwa kila dirisha katika ofisi ya ardhi.

Hapo ingekuwa rahisi, lakini kuna mpira wa pili, mwembamba kama mrija wa soda, unaotoka juu ya kopo kwenda kwenye manifoldi ya hewa. Huo ndio nyota wa hadithi yetu. Injini ikiwa sailensi, mlango wa hewa umekaribia kufungwa, mapistoni yanavuta, na ndani ya manifoldi hewa inakuwa haba: presha yake huwa chini ya ile ya nje kwa kilopaskali 60 hadi 70 hivi. Midomo ya nozeli imo humo humo kwenye mvuto huo. Presha ya reli ingebaki vilevile, kila nozeli ingefyonzwa na kutapika zaidi ya ilivyoagizwa. Kwa hiyo mvuto uleule unapelekwa kwa mpira mwembamba mpaka nyuma ya kiwambo, unaivuta springi, mlango unafunguka zaidi, na presha ya reli inashuka kwa kiasi kilekile. Ukikanyaga mafuta, mvuto unakufa, presha inapanda. Tofauti kati ya ndani ya nozeli na nje yake haibadiliki.

Kwa nini regulata ijali tofauti hiyo? Kwa sababu kompyuta ya gari haipimi mafuta. Inahesabu muda tu, nozeli ifunguke milisekunde tatu, ifungwe. Ni mama wa sokoni anayehesabu vibaba vya maharage akiamini kibaba ni halali. Regulata ndiyo kibaba. Presha ikipanda mara moja na nusu, petroli inaongezeka kwa karibu asilimia 22, kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, na kompyuta bado inahesabu “kimoja, viwili, vitatu” kwa uaminifu wake wote. Sensa ya oksijeni itapiga kelele, kompyuta itapunguza muda mpaka ichoke, halafu inaacha.

Sasa unaelewa pia ile hila ya asubuhi. Kiwambo kikitoboka, petroli inapita kwenye tundu, inaingia kwenye mpira mwembamba, na inamwagika moja kwa moja kwenye manifoldi bila kupita kwenye nozeli yoyote. Ukizima gari sheli, reli bado ina presha, na matone yanaendelea kuingia wakati unatafuta chenji. Ukirudi, injini ya moto imeshalewa. Asubuhi injini baridi huhitaji mafuta mengi kuwaka, kwa hiyo kinywaji cha ziada hakiisumbui. Kikulacho ki mpirani mwako.

Mwezi wa nne: mzee anauliza swali

Kila kijiwe kina mzee mmoja aliyeendesha teksi maisha yake yote. Hukaa pembeni, kahawa mkononi, na haulizwi kwa sababu hatozi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona gari lako linafuka kama tanuri la chokaa?”

“Acha tu, mzee. Tumebadilisha kila kitu.”

“Ule mpira umeunusa?”

“Mpira upi?”

Kama umefuata mwongozo vizuri, leo ni kama siku ya mia na kumi, na kipimo hiki kinachukua dakika moja na hakina gharama. Washa gari, liache sailensi, chomoa mpira mwembamba kwenye kopo la regulata. Ndani unapaswa kuwa mkavu. Ukitoa petroli, hata tone, au kinundu cha regulata ulipokuwa umechomekwa kikilia petroli, kiwambo kimetoboka na kesi imekwisha. Hakuna cha kujadili wala cha kupeleka kwa mjomba. Zima gari, maana petroli inayodondoka karibu na injini ya moto si jambo la kuliangalia kwa mshangao.

Kuna mafundi wanaojaribu kiwambo kwa kunyonya kinundu kwa mdomo. Kikiwa kibovu jibu linakuja upesi, kifuani. Petroli ikipita njia ya hewa inaunguza mapafu, na maziwa wanayokimbilia kunywa hayaendi huko. Nenda duka la dawa ununue bomba kubwa la sindano, lisilo na sindano, uliunganishe na kinundu kwa kipande cha mpira, injini ikiwa imezimwa, kisha uvute. Kiwambo kizima kitashikilia, na ukiachia, mpini utarudi wenyewe. Kilichotoboka kitakuacha uvute mpaka mwisho bila upinzani, kama mtu anayekubali kila unachosema.

Mpira ukiwa mkavu, usiitangaze regulata kuwa mtakatifu. Inaweza kuwa imeganda au springi imechoka, na hapo inatakiwa geji ya presha ya mafuta, ile yenye vifaa vya kuungia kwenye bomba linaloingia kwenye reli. Geji ya tairi haifai, ingawa namba zake ni ndugu. Kitabu cha Toyota kwa injini za familia hii kinataka psi 38 hadi 44 mpira mwembamba ukiwa umechomolewa na kuzibwa, na psi 30 hadi 37 ukiwa umerudishwa gari likiwa sailensi. Yaani presha inayolisha injini yako ni ileile ambayo kijana wa upepo anakujazia kwenye tairi bila kukuuliza. Ukilizima gari, baada ya dakika tano bado psi 21 au zaidi ziwe zimebaki.

Raha ya kipimo hiki ni kuutazama mshale. Chomoa mpira, upande, rudisha, ushuke. Usipocheza kabisa, kagua kwanza mpira wenyewe kama umepasuka au umeziba, kwa sababu mpira ni bei ya karanga. Presha ikiwa juu wakati wote, hakikisha bomba la kurudi tangini halijakunjwa na jeki ya mtu. Presha ikiwa chini, gari halivuti na mlima unalishinda, basi ama regulata inaachia mno ama pampu na filta havileti. Shika mpira wa kurudishia, ule laini na si bomba la chuma, ufunike kwa tambara, ubane kwa plaizi kidogo tu, sekunde moja mbili. Mshale ukirukia juu, pampu ni nzima na mlaumiwa ni regulata. Usipotikisika, rudi kwenye filta na pampu. Usibane na kwenda kuongea na simu. Pampu iliyozibiwa njia inaweza kupandisha presha karibu maradufu, na mipira yako ina umri wa wapiga kura.

Aliyeko Mbeya au Nairobi asishtuke akiona tofauti kati ya mpira uliochomekwa na uliochomolewa ni ndogo kuliko ya mwenzake wa Tanga. Kule juu hewa ya nje yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo mvuto wa injini ukilinganishwa nayo ni mdogo. Regulata haina kosa, kosa ni la mlima.

Kununua

Usiende dukani na maneno, nenda na kitu chenyewe. Ukisema “regulata ya Corolla 100” pale Gerezani utaulizwa injini, ukisema injini utaulizwa mwaka, na mwisho utapewa iliyopo. Weka ile ya zamani juu ya kaunta kama sampo. Linganisha kinundu cha mpira kinaelekea wapi, matundu ya bolti yameachana kiasi gani, na namba iliyochongwa kwenye kopo. Regulata mbili zinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kwa presha, na tofauti hiyo utaisoma kwenye moshi.

Utaonyeshwa mpya ya boksi, na utaonyeshwa ya mtumba iliyong'olewa kwenye nusu gari. Ya mtumba si dhambi, ila kumbuka kiwambo chake kina umri sawa na hicho kilichokutobokea, na muuzaji atakuapia kwa jina la Japani. Lile bomba la sindano litoe mfukoni ujaribu hapohapo. Muuzaji atacheka, wateja wenzako watacheka, halafu mmoja wao atakuomba umwazime. Pia utaonyeshwa ile ya mbio, nyekundu, inayong'aa, yenye kageji juu na skrubu ya kurekebishia presha. Iache. Gari la kupeleka watoto shule halihitaji kitu ambacho kila fundi atakayefungua boneti atatamani kukizungusha kidogo.

Nunua na oringi mpya. Usikubali ya duka la mabomba ya maji hata ikiingia kama iliyozaliwa hapo. Mpira mwingi wa maji huvimba ndani ya petroli, na wiki ijayo utakuwa na gari linalovuja juu ya injini. Omba ya kuhimili mafuta.

Dakika arobaini

Injini iwe imelala baridi. Gari liwe nje, penye upepo, mbali na mama lishe. Nasikitika, maandazi yatasubiri. Sigara hakuna, jiko la mkaa hakuna, na yule dogo anayechomelea geti upande wa pili aombwe apumzike. Kizima moto kile unachobeba kwa ajili ya trafiki kitoe chini ya kiti, tazama kama mshale wake bado uko kwenye kijani, ukiweke karibu na mkono wako.

Petroli iliyo ndani ya reli ina presha hata gari likiwa limezimwa. Toa plagi ya umeme ya pampu, ambayo kwenye magari mengi ya aina hii iko chini ya kiti cha nyuma, kisha washa injini uiache ijizime yenyewe kwa njaa. Piga stata mara moja zaidi. Fungua kifuniko cha tangi lipumue. Zima swichi, chomoa waya hasi wa betri. Watu wengi huruka haya yote kwa sababu yanachukua dakika tano, na hao ndio wanaooga petroli wakiwa wamevaa nguo.

Weka tambara chini ya regulata. Chomoa mpira mwembamba. Legeza klampu ya mpira wa kurudishia. Ukiwa umegandamana na bomba usiuvute, uzungushe kwanza mpaka ukubali, na ukiona una nyufa ukate na kuweka mpya wa petroli. Sasa zile bolti mbili. Zitoke zote, regulata uivute moja kwa moja huku ukiiyumbisha kidogo. Itatoka na petroli kiasi cha kikombe cha kahawa. Tazama kama oringi ya zamani imetoka nayo. Mara nyingine hubaki ndani ya reli, na anayefunga mpya juu yake hujiuliza kwa nini inavuja wakati ana oringi mbili.

Oringi mpya ipake tone la petroli au oili safi, si grisi. Sukuma regulata kwa vidole huku ukiizungusha kushoto na kulia; ikiingia kwa ulaini iko sawa, ikikwama imekunja oringi, itoe. Kaza bolti kwa mkono, moja kidogo na nyingine kidogo, kisha zimalizie kwa spana fupi. Zinashika kwenye reli ya aluminiamu. Fundi mwenye kifua akianza kuguna ujue anakata nyuzi.

Rudisha mipira, klampu, plagi ya pampu, betri. Usiwashe bado. Fungua tena kile kiboksi cha DIAGNOSTIC, soma maandishi ndani ya kifuniko, unganisha +B na FP kwa kipande cha waya, fungua swichi. Pampu itaunguruma nyuma na utasikia petroli ikipita kwenye mpira wa kurudishia kama bomba linalojaza ndoo chumba cha pili. Chukua tochi, tazama chini ya regulata, pitisha kidole, nusa. Pakiwa pakavu kwa dakika mbili, zima swichi, toa waya, washa.

Litashika mara ya kwanza. Usipige kelele, majirani wamelala.

Kitu kimoja ambacho hata wenye haraka hukisahau: chomoa kijiti cha oili unuse. Miezi minne petroli imekuwa ikiteleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu, na oili iliyochanganyika na petroli haina unene wa kulinda kitu. Kama kijiti kinanuka sheli, mwaga oili yote, badilisha na filta, hata kama uliibadilisha juzi. Plagi zako, seti ya tatu sasa, zinaweza kusafishwa zikatumika.

Fundi wa chini ya mwembe atapita jioni, ataliona gari halifuki, atazunguka mara mbili akiligusa boneti. Mwambie ukweli, ni mtu mwema. Ataiokota regulata ya zamani pale uliposahau kuipiga nyundo, ataipangusa kwa tambara lenye petroli mpaka ing'ae, ataigeuza kwenye mwanga.

“Bosi, hii naomba niende nayo. Ya Japani hii, bado ina maisha.”

Ataitia mfukoni. Mahali fulani mjini kuna mtu leo anaingia mwezi wa nne.